Mchanga wa Jumamosi ya Usafi

Mchanga ukitolewa mtaroni uondoke siku hiyohiyo. Ukiuacha ukingoni, mvua ya kwanza inaurudisha ulikotoka, tena ukiwa umelegea, unasafiri na maji hadi kwenye kalavati na kushindiliwa humo. Ndiyo maana Jumamosi ya mwisho ya Machi 2018, siku ya usafi na mkesha wa Pasaka, mtaa wetu hapa Dar es Salaam ulishika makoleo baada tu ya kuahidiwa tipa. Mwenyekiti alikuwa na barua mkononi.

Kipande kilichoziba kilikuwa na urefu wa mita 60 hivi na upana wa sentimita 80, mchanga umejaa kina cha nusu mita. Piga hesabu: mita za ujazo 24. Mchanga mbichi una karibu tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo pale palikuwa na zaidi ya tani 40, safari sita au saba za tipa ya tani 7. Kwa toroli ni mizigo zaidi ya mia tatu, na pa kuimwaga hapakuwepo.

Kazi kubwa ya asubuhi ni mifuniko. Mfuniko wa zege wa sentimita 90 kwa 60, unene sentimita 10, unafika kilo 130. Vishikio vyake vya nondo vilishakatwa na watu wa chuma chakavu, kwa hiyo unaubetua kwa mitaimbo miwili, unachomeka ubao, ndipo vijana wanne wanausogeza pembeni. Mkono hauingii chini yake hata kidogo.

Unachimba kuanzia chini, upande maji yanakoelekea, ukipanda. Ukianzia juu maji yanatuama miguuni, unabaki kukoroga tope. Kalavati letu lilikuwa bomba la sentimita 60 lililoziba theluthi mbili, na humo haingii mtu. Tulikata ubavu wa dumu la lita 20, tukalifunga kamba huku na huku: wa upande huu analivuta likija limejaa, wa ng'ambo analirudisha tupu. Yalitoka mafuu ya nazi, nepi, na mifuko ya rambo iliyoshikamana na mchanga mpaka unaikata kwa panga.

Katikati ya kipande kile ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe. Ukuta wa nyumba moja ulijengwa juu ya kingo za mtaro, ukala sentimita 30, maji yakabaki na 50 za kupita. Chini ya ukuta lilichomoza bomba la inchi 4 kutoka kwenye shimo la choo. Masika yakianza, linafunguliwa usiku na choo kinatapishwa mtaroni. Mtaa mzima ulijua. Ukuta ulikuwa na alama ya X nyekundu ya bomoabomoa, na X yenyewe ilishapauka kwa jua.

Saa mbili na nusu gari likaja. Si tipa. Pikapu ya mgambo.

Siku ya usafi wakati ule biashara zilikuwa hazifunguliwi mpaka saa nne, na walikuja kukamata waliofungua. Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Kilichokuwa wazi ni jiko la mkaa la mama lishe, aliyepikia wachimbaji uji kwa mchango wa kamati.

"Mama, biashara saa hizi?"

"Afande, huu wameshaulipia. Wa watu wa usafi, waulize."

"Jiko linawaka. Kibali kiko wapi?"

Hakuwa nacho. Hata vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilikuwa bado, vilianza kutolewa Desemba ya mwaka ule. Sufuria iliyojaa uji wa moto haipandi pikapu, kwa hiyo mmoja wao akaishika kwa kanga ya mama mwenyewe na kuimimina mtaroni, palepale tulipokwisha kusafisha. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na kibao: kutupa taka, faini sh. 50,000. Sufuria, jiko, benchi na vikombe vyote vikapakiwa.

Mwenyekiti akamshika mkubwa wao mkono, akampeleka hadi kwenye bomba, likichuruzika. Jibu lilikuwa kwamba hayo ni ya watu wa mazingira, wao wametumwa biashara. Na tipa? Nayo si ya kwao.

Watu walisema wanatafuta hela ya sikukuu. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Kuubomoa ukuta ule kunataka mpima, notisi, muda wa rufaa, na mwenye nyumba hakosi wakili. Sufuria inataka pikapu tu, na kabla ya adhuhuri kuna kitu cha kuonyesha bosi.

Tipa haikuja siku ile wala wiki ile. Ilikuja karatasi kwa ofisi ya mtaa, ikidai tuondoe mchanga tuliorundika kwenye hifadhi ya barabara, la sivyo tutozwe faini. Katikati ya Aprili mvua kubwa zikapiga jiji zima, bonde la Jangwani halipitiki, na sehemu kubwa ya rundo letu ikarudi mtaroni. Nilipochomeka fimbo kalavatini, mchanga ulikuwa umerudi nusu ya bomba.

Mama lishe alilipa akakomboa vyombo, ila benchi halikuonekana. Mwisho wa Aprili kila nyumba ilichanga, tukakodi tipa wenyewe. Mwenyekiti hakuruhusu koleo lishuke mpaka tipa iegeshwe. Mchanga ule haufai kupigia lipu kwa taka na mafuta yaliyomo, lakini kwa kifusi unafaa, na mtu mwenye kiwanja cha bondeni aliupokea wote bila kutudai. Bomba la inchi 4 tuliliacha kama lilivyo, kwa kuwa kuliziba kwa zege ni kuharibu mali ya mtu, na kwa kosa hilo mgambo wangefika mara moja.