Talaka imeamuliwa Uingereza, wewe uko Lubumbashi: kuomba ruhusa ya rufaa

Kwetu Kongo, asiyeridhika na hukumu ya tribunal de paix anakata rufaa, haombi ruhusa kwa mtu. England na Wales, aliyegawiwa mali na jaji baada ya talaka, akitaka kukata rufaa, lazima kwanza apewe ruhusa. Tena siku hazihesabiwi toka huissier (mjumbe wa mahakama) akuletee hukumu. Ni siku 21 toka jaji alipotoa uamuzi, hata kama amri yenyewe haijakufikia Lubumbashi.

Hapo ndipo ndugu zetu wengi wanaponaswa, na inauma. Wanangoja hukumu ichapwe, ifike, itafsiriwe, kumbe muda umekwisha. Usingoje. Peleka fomu FP161, ile ya kukatia rufaa kesi za familia, ndani ya siku hizo na uandike kwamba hukumu iliyochapwa itafuata. Ukichelewa, omba kuongezewa muda katika fomu hiyohiyo, ueleze sababu.

Ruhusa huombwa kwanza kwa jaji yuleyule, akishatoa uamuzi. Kama kuna jambo aliloliruka, avoka wako amwombe palepale alifafanue. Akikunyima, unaiomba mahakama ya juu yake. Nayo ikikataa kwa kusoma karatasi tu, kwa kawaida una siku 7 za kuomba usikilizwe, ila si pale jaji anapoamua kwamba ombi halina msingi hata kidogo.

Kazi kubwa iko kwenye hoja. Rufaa iwe na nafasi ya kweli ya kushinda, au pawe na sababu nyingine nzito. “Jaji alinionea” haitoshi: tangu kesi ya Piglowska mwaka 1999, majaji wa rufaa wanakumbushwa wasiweke maoni yao mahali pa yale ya jaji aliyewasikiliza mashahidi. Andika hivi: “Jaji aliihesabu nyumba ya Kampemba kuwa yangu, ingawa certificat d'enregistrement yenye jina la mama ilikuwa mbele yake, na hakusema kwa nini aliikataa.” Lakini hati hiyo ya umiliki, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, iwe ilishatolewa kwenye kesi ya kwanza. Ukiileta kwenye rufaa tu wakati ungeweza kuileta mapema, mara nyingi haipokelewi.

Mwenzako akiwa alificha mali, njia ni nyingine: rudi mahakama iliyotoa amri, uombe iifute. Kesi za Sharland na Gohil za 2015, ambamo waume walificha ukweli wa mali zao, zinakusaidia.

Na rufaa peke yake haisimamishi amri. Kama nyumba iko karibu kuuzwa, ombi la kusimamisha liende pamoja na FP161.