Sufi ya mto wa bibi

Mwaka 2012 nilikua nafanya kazi nyumba ya wageni pale Mikindani, kufagia, kutandika, kupandisha maji, na mwezi ule chumba cha juu alikaa mzee mmoja Mmarekani, kila jioni anatoka barazani anafunga jiliwa dogo kwenye meza anabana kindoana namba 14. Mi mtoto wa mvuvi, ndoana nimekua nazo, lakini ndoana zetu za changu ukiziweka karibu na ile utasema nanga.

Alikua anafunga nzi wa bandia, chambo cha kuvulia, manyoya na nywele unazifunga kwenye ndoana mpaka samaki aone mdudu. Kwao mito inashuka milimani kwa kasi, na kuna wadudu wanaitwa kadisi, utotoni wanaishi chini ya maji, wakikua wanatoka na mbawa wanazilaza mgongoni kama paa la banda, basi samaki anaitwa trauti anapanda juu kuwadaka. Nzi wako akizama huna kitu. Ule wa kwake alisema aliubuni Al Troth wa Pennsylvania mwaka 1957, bawa lake nywele za elki, mnyama wa jamii ya kulungu ila mkubwa kama ng'ombe, na kila unywele ndani una hewa.

Jioni moja yale manyoya laini ya kuviringishia mwili yakamwishia. Akanambia, kijana, tafuta cha kwenu.

Nikaleta pamba ya dukani. Nikafunga, tukatia kwenye beseni, nikamwaga maji ya ndoo toka juu ili yachemke kama ya mtoni, nzi kainywa ile maji yote kaenda chini. Niliumia aisee. Usiku nimelala ndo nikakumbuka sufi, maana ule msufi wa nyuma ya nyumba maganda yake yakipasuka juu ya dimbwi zile nyuzi zinaelea tu, hazilowi.

Asubuhi nkatoboa mto wa bibi. Bibi akanikuta, "We mjukuu wangu, mto umekukosea nini?" Nkamweleza, akanyamaza, af akachota mwenyewe konzi nzima akanipa.

Sasa kufunga. Uzi unauzungusha toka kwenye tundu la ndoana mpaka pale ndoana inapoanza kupinda, hapo unafunga kiwaya chembamba, unasokota sufi kwenye uzi kidogo kidogo unarudi nayo mbele, kisha unyoya wa shingo ya jogoo unauzungusha kwa nafasi kwenda nyuma, na kile kiwaya unakipitisha kati ya zile nyuzi za unyoya kuja mbele kiushike. Bawa ndo kazi. Unakata kishungi cha nywele, unachambua vile vinyoya vya chini vyote, ncha unazilinganisha, unaziweka juu ya ndoana unabana kwa kidole halafu ndo unakaza, maana ukikaza bila kubana zinazunguka mpaka tumboni. Ukikaza vizuri zinachanua zenyewe kwa sababu ya ile hewa.

Tukarudi kwenye beseni. Ndoo ya kwanza akazama akaibuka. Ya pili hivohivo. Ya tatu akakaa juu kabisa mbawa kavu, mzee kainama pua karibu inagusa maji, akanambia sufi ina uwazi ndani na nta kwa nje, zamani walijazia majaketi ya kuokolea mabaharia.

Akamtoa, akamkausha kwa shati lake, akamtazama sana.

"Nywele umezidisha," akasema. "Funga mwingine."

Tulifunga sita usiku ule.