Mto Thames juu ya plaiwudi: kutengeneza mchezo wa makasia wa Oxford na Cambridge

Oxford na Cambridge walishindana kwa makasia kwa mara ya kwanza mwaka 1829, kule Henley, na Oxford wakashinda. Tangu 1845 njia yao ya kawaida ni ile ya London, kutoka Putney hadi Mortlake, maili 4 na yadi 374, yaani kama mita 6,779. Kwa wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mradi wa mchezo wa kielektroniki, upinzani huu una faida kubwa: kanuni za mchezo tayari zimo ndani ya mto wenyewe. Michezo mingi ya aina hii huishia kwenye vitufe viwili, anayebonyeza haraka ndiye anayeshinda, na rangi za vyuo zimepakwa juu tu. Ukiondoa rangi hakuna kinachobaki. Hapa inafaa mchezaji avute kwa mwendo, na ajue kwa nini alichagua upande aliouchagua.

Anza na mto. Tumia mikanda miwili ya taa za WS2812B, ambazo kila moja huwashwa peke yake kwa programu, kila mmoja mita 5 wenye taa 60 kwa mita, yaani taa 300 kwa kila mashua. Gawanya mita 6,779 kwa 300, unapata takriban mita 22.6 kwa taa moja. Mashua ya watu wanane ina urefu wa karibu mita 18, kwa hiyo taa moja ni mashua moja na ushei, na watazamaji wanasoma pengo kwa macho bila kuhitaji namba. Mikanda ya taa 30 kwa mita ni rahisi zaidi lakini usiichukue: taa moja ingekuwa mita 45, na ushindani wa karibu usingeonekana kabisa.

Mikanda hii inakunjika kwenda juu na chini tu, haipindi kwenda pembeni. Ukilazimisha, njia za shaba ndani yake hupasuka na taa zote za mbele huzimika. Kwenye mipindo kata mkanda penye alama za mkasi, vipande vya taa 10 hadi 15, kisha unganisha kwa nyaya tatu fupi. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatosha ukiubana mto kidogo. Skeli kamili si lazima, ila mipindo mitatu lazima ibaki: kulia, kisha kushoto kwa muda mrefu kupitia Hammersmith, kisha kulia tena kuelekea Barnes.

Hiyo mipindo ndiyo roho ya mchezo. Mashua hukwea mto wakati maji yanajaa, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, na kila moja ina upande wake: Middlesex kulia, Surrey kushoto. Mpindo wa kwanza na wa mwisho humfaa wa Middlesex, ule mrefu wa katikati humfaa wa Surrey. Anayeshinda urushaji wa sarafu ndiye anayechagua upande, na sarafu yenyewe ni ya dhahabu ya mwaka 1829. Kwenye programu, mashua iliyo ndani ya mpindo izidishiwe kasi kwa 1.02. Mpindo wa katikati ukiwa na taa 120, hiyo ni faida ya taa mbili na kidogo, inayotosha kuumiza bila kuamua kila kitu. Kisha wacha kompyuta ivute pande zote mbili kwa nguvu ileile. Wakifika mwisho wakiwa wamepishana zaidi ya taa moja, upande mmoja umependelewa. Rekebisha urefu wa mipindo kabla watu hawajagundua.

Sasa mpini anaouvuta mchezaji. Kamba yake imezungushwa kwenye ngoma yenye mzingo wa sentimita 30, na mpira wa kufungia mizigo ya pikipiki unairudisha. Bandika sumaku 6 kwenye ngoma, zote zikitazamisha ncha ya kusini nje, maana sensa ya sumaku ya A3144 haiioni ncha ya kaskazini. Kila sumaku ikipita ni sentimita 5 za kamba. Vuto kamili la sentimita 60 linatoa ishara 12.

Sensa moja haitoshi, kwa sababu haijui kama kamba inavutwa au inarudi, na mchezaji atapata kasi hata anapopumzika. Weka sensa mbili, zikiwa zimepishana nusu ya upana wa sumaku tu. Kwa sumaku ya milimita 10 zipishane milimita 5. Ukizitenga mbali, ya kwanza itakuwa imeshazima kabla ya pili kuwaka, na mwelekeo utapotea. Hesabu vuto pale tu sensa A inapowaka kwanza, kisha B ikawaka A ikiwa bado hai. Ukihesabu A peke yake, ngoma ikitetemeka mbele ya sumaku moja utapata ishara nyingi za uongo.

Fremu nayo isidharauliwe. Mtu mzima akivuta kwa hasira ataikokota meza. Funga ngoma kwa bolti kwenye ubao uleule anaokanyagia miguu, ili nguvu ya mikono na ya miguu zikutane ndani ya fremu. Weka pia kizuizi cha mpira mwisho wa kamba. Mpini ukiachiwa hurudi kwa kishindo.

Kwa ubongo tumia ESP32, bodi ndogo ya kompyuta. Bodi ya Arduino Uno R3 ina kumbukumbu ya baiti 2,048, na taa 600 kwa baiti 3 kila moja ni 1,800. Zinazobaki hazitoshi kazi nyingine. Isitoshe, kutuma data kwa taa 300 huchukua milisekunde 9, na kwenye Uno ishara za sensa zinaweza kupotea katika muda huo. ESP32 ina sehemu maalumu ya kufanya kazi hiyo. Lakini hutoa volti 3.3, na mkanda wa volti 5 unaweza kuzikataa: taa zinameta ovyo, hasa waya wa data ukiwa mrefu. Pitisha data kwenye chipu ya 74AHCT125 inayoipandisha hadi volti 5, weka rezista ya omu 330 kabla ya taa ya kwanza, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye umeme wa mkanda. Sensa za A3144 zinahitaji angalau volti 4.5, basi zipe 5, ila rezista ya kilo-omu 10 ya kuvutia ishara juu iunganishwe kwenye 3.3, la sivyo utaiua ESP32.

Taa 600 nyeupe kwa nguvu zote zingetaka ampia 36. Huzihitaji. Pawasaplai ya volti 5 na ampia 10 inatosha ukiweka kikomo cha mwanga ndani ya programu. Ingiza umeme mwanzo, katikati na mwisho wa kila mkanda. Hapa kosa huonekana haraka kuliko kwenye michezo mingine, kwa sababu volti ikishuka rangi ya buluu ndiyo hufifia kwanza, na vyuo vyote viwili ni vya buluu. Taa pia haiwezi kutoa buluu iliyokoza ya Oxford. Ukipunguza mwanga unapata buluu dhaifu tu. Mpe Oxford buluu tupu, 0-0-140 (nyekundu, kijani, buluu), na Cambridge mchanganyiko wenye kijani kingi, kama 40-150-110. Ijaribu ukiwa hatua kumi mbali.

Mwendo wenyewe: dakika 17 za mbio halisi mtoni zigawanye kwa 12, mbio zinakuwa sekunde 85. Kasi ya kawaida ni karibu taa 3.5 kwa sekunde, polepole kiasi kwamba mashua huonekana ikiruka. Tunza nafasi yake kwa desimali na ugawe mwanga kati ya taa mbili jirani. Sasisha mara 50 kwa sekunde. Kila ishara iongeze kasi 0.15, na maji yapunguze 0.08 mara mraba wa kasi kwa sekunde. Kwa mapigo 36 ya kuvuta kwa dakika hesabu inakaribia pale inapotakiwa. Rekebisha kutoka hapo. Vuto lisilofika ishara 9 lipewe nusu, na mapigo yakizidi 40 punguza faida, ili wanaovuta vifupi vifupi wasishinde.

Ongeza mashua ya tatu, nyeupe hafifu, inayokwenda yenyewe: rekodi ya Cambridge ya 1998, dakika 16 na sekunde 19. Kwa mgao wetu inafika baada ya sekunde 81.6. Na tofauti ya mwisho ikiwa chini ya robo ya taa, tangaza sare. Mwaka 1877 mwamuzi alifanya hivyohivyo.