Waache Wajirekodi Kwanza

Mwanafunzi anayeanza lugha mpya akinyamaza darasani, mimi simwiti mvivu. Mara nyingi ni hofu. Mwaka 1986 mtafiti wa ujifunzaji wa lugha, Elaine Horwitz, na wenzake walichapisha dodoso lenye kauli 33 la kupima hofu hiyo, wakaihusisha na mambo matatu: kuogopa kuzungumza, kuogopa mtihani, na kuogopa kuonekana hufai mbele ya wengine. Hilo la mwisho ndilo ninalopambana nalo zaidi.

Nategemea kinasa sauti cha simu. Wanafunzi wangu hujirekodi wakiwa peke yao, wakajisikiliza, wakafuta, wakarudia hadi waridhike, ndipo wanitumie mimi tu. Nawajibu kwa sauti pia, polepole, nikianza na walichosema vizuri. (Kumsahihisha anayeanza kila kosa naona ni ukatili.) Wakizoea, nawaweka wawili wawili wabadilishane rekodi.

Programu zinazotoa alama za matamshi papo hapo sizipendekezi mapema. Baadhi hukataa lafudhi inayoeleweka kabisa, na mwanafunzi mwoga huondoka akiamini ulimi wake haufai. Katika masomo ya mtandaoni, kamera naiacha izimwe mwanzoni. Wanaiwasha wenyewe wakiwa tayari.