Mradi wa yangeyange: natafuta picha ya mruko

Awamu hii nimeacha kukimbizana na kila ndege, nipo na yangeyange peke yake, yule mdogo mwenye miguu myeusi na vidole vya njano, na ninachokitaka ni kitu kimoja: pale anapoyaacha maji, mabawa yamefunguka yote na vile vidole ndo kwanza vinachomoka. Za akiwa amesimama ninazo nyingi na zimetulia, sasa nataka mruko.

Seting zimeshakaa sawa. Shata spidi, yaani muda kamera inaopokea mwanga, ni 1/2000 ya sekunde, maana ikienda chini ya 1/1000 ncha za mabawa zinaanza kufutika, apecha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga) f/5.6 kwenye lenzi ya 400mm, na ISO, yaani kamera inavyokuza mwanga, naiacha ijipange yenyewe, asubuhi inaweza kugonga hata 3200. Chenga kwenye picha zinakuwepo ila zinasafishika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haina dawa.

Ugumu upo kwenye weupe wake. Nyuma kuna maji meusi, kamera inaona giza limetawala basi inaongeza mwanga, manyoya yanaungua, unabaki na doa jeupe ambalo huoni unyoya hata mmoja. Kwa hiyo napunguza stopu nzima, yaani nusu ya mwanga, jua likipanda napunguza zaidi, na histogramu (ile grafu ya mwanga wa picha) naichungulia kila saa isije ikagonga kulia, upande wa weupe. Sehemu ya giza unaweza kuinyanyua baadae, weupe ukishaungua ndo basi tena.

Ila kiukweli hayo ya kamera ni nusu tu, nusu nyingine ni kumjua ndege mwenyewe, na hapo ndo utamu wa mradi ulipo. Ndege wa saizi hii anapenda kuruka akiukabili upepo kwa sababu unamsaidia kunyanyuka, so nikifika tu naangalia majani yanalalia wapi, afu nakaa upepo na jua vyote vikiwa mgongoni kwangu, akiruka anakuja usawa wangu na jicho lake lina mwanga. Siku upepo na jua vikipingana najua kabisa nitaambulia mikia, basi siku hiyo namsoma tu: anavyotikisa mguu mmoja kwenye tope kufurusha visamaki, anavyoganda kabla ya kudonoa. Akitaka kuondoka anaacha kuwinda, shingo inanyooka, mara nyingi anajinyea kwanza, halafu anakunja miguu, na hapo kwenye kukunja miguu kidole changu kinakuwa kimeshabonyeza, ukisubiri uone bawa umechelewa. Na nafasi lazima uiache mapema, mabawa yakifunguka anafika karibu mita moja, aliyejaa kwenye fremu akiwa amesimama atakatwa akiruka.

Kuna njia ya mkato, unapiga makofi au unamsogelea mpaka akimbie. Siifanyi na sitaifanya. Ndege aliyeshtuliwa anakupa mgongo, anapoteza nguvu aliyoihitaji kutafuta chakula, na kama ana kiota jirani mayai yanabaki wazi, hakuna picha inayostahili hilo.

Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza bunduki ya kupigia picha, inapiga 12 kwa sekunde, akitaka kuelewa bawa linafanyaje kazi hewani. Namheshimu sana, maana swali la ndege ndo lililozaa chombo, sio chombo kutafuta cha kupiga.

Nilipofikia sasa: ninayo fremu moja ninayoipenda, mabawa yapo juu, vidole vinadondosha maji, jicho kali kabisa, ila matone yamevutika kidogo. Kwa hiyo awamu inayofuata nasubiri asubuhi zenye jua la kutosha niende 1/3200, na nitashuka chini zaidi, lenzi ikae karibu na usawa wa maji, ili yale matone yagande na nyuma yake pawe pamefifia kabisa.