Makaburi ya Ribe na Wale Wasio na Mawe

Tangu nirudi Ribe kutoka Ujerumani, jamaa zangu wananiuliza mambo mawili: kama nimerudi moja kwa moja, na kwa nini ninashinda makaburini. La kwanza nimekwisha kulijibu. La pili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa makaburi ya wamisionari, ambayo utotoni tuliyapita mbio kwa kuogopa mizimu, ni njia ya karibu ya kuijua historia ya sehemu hii ya Kaunti ya Kilifi. Tena ndipo mahali ambapo historia hiyo imesimuliwa nusu.

Kwa asiyekujua kwetu, Ribe iko vilimani nyuma ya Mombasa, ukiifuata barabara ya Mazeras kwenda Kaloleni, na leo imo katika wadi ya Kambe/Ribe, kaunti ndogo ya Rabai. Waribe ni miongoni mwa jamaa ndogo kabisa za Wamijikenda. Kaya yao, yaani msitu mtakatifu wenye mji wa mababu, iko jirani, na tangu mwaka 2008 imo pamoja na kaya nyingine katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wamethodisti walifika hapa mwaka 1862, wakiongozwa na Ludwig Krapf, ambaye miaka 16 kabla yake alikuwa ameanzisha misheni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Krapf hakukaa, na wenzake wakapungua mmoja mmoja, mpaka mzigo wote ukamwangukia kijana Mwingereza, Thomas Wakefield. Mwaka uliofuata alipata msaidizi, Charles New.

Wakefield mwenyewe alirudi kwao na kufia huko. Waliozikwa Ribe ni wale ambao nchi iliwashinda. Mkewe, Rebecca, aliolewa mwaka 1869 na kufariki Julai 1873, kabla ya kutimiza miaka 30, na mwanawe mchanga akafa katika siku hizo hizo. New alifuata mwaka 1875: alikuwa amekwenda tena Uchagani, Mandara, mtawala wa Moshi, akamnyang'anya mali yake, naye akafa njiani akirudishwa pwani hali mgonjwa.

Kazi yangu hasa ni kufyeka na kusugua. Brashi ya chuma hula jiwe, kwa hiyo natumia kumbi la nazi lililoloweshwa maji, nikisugua polepole hadi ukungu wa kijani uachie na herufi zianze kujitokeza: kwanza mkia wa tarakimu, kisha tarakimu yenyewe, kisha mwaka mzima. Vijana wanaonisaidia, ambao wengi ni wanafunzi wa sekondari za hapa hapa, hushangazwa zaidi na umri wa marehemu kuliko majina yao. Mmoja wao alisema kwamba hawa walikuwa watoto tu, na sikuwa na la kumpinga.

Huko Ujerumani niliishi karibu na Korntal, mji mdogo jirani na Stuttgart, ambako Rebmann na Krapf wamezikwa. Rebmann alikaa Rabai hadi mwaka 1875, akaondoka karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafariki. Krapf alifariki mwaka 1881. Makaburi yao yanatunzwa vizuri, lakini hiyo ni heshima ya watu mashuhuri. Mtu wa kawaida huko hukodiwa kaburi kwa miaka kadhaa, na muda ukiisha bila wa kulilipia tena, jiwe huondolewa na nafasi hupewa mwingine. Nilipomweleza mama jambo hili alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mwenyewe huhamishiwa wapi?"

Swali la mama lilinirudisha kwa watu wetu, ambao hawakuwahi hata kuwekewa jiwe la kuondolewa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa yalilimwa na watumwa, na waliofaulu kutoroka walikimbilia vilimani, wengine wakajisitiri katika misheni za Rabai na Ribe. Njaa kubwa ya miaka ya 1884 na 1885 ikaongeza wengine, kwa maana kulikuwa na wazazi waliolazimika kuwaweka watoto rehani ili nyumba ipate nafaka. Wenye watumwa walikuja juu, wakawashutumu wamisionari kwa kuficha mali yao, na mambo yalikaribia kuwa vita. Hatimaye George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alikubali kuwalipa wenye watumwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 pakatolewa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 wa misheni hizi.

Nyanya ya babu yangu alikuwa mtoro. Familia inajua kwamba alikuja akiwa msichana, kwamba alilima mpunga bondeni, na kwamba amelala chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko la shangazi. Mwembe huo ndio alama pekee, na binamu yangu mmoja amekuwa akiutazama kwa jicho la mbao. Watu kama yeye ndio walioyafyeka mashamba, wakachoma chokaa, wakayajenga makanisa na kuyajaza. Ikiwa kuna wa kuitwa waanzilishi wa Ribe mpya, hakuna haki ya kuwataja wageni wachache waliokufa kwa homa na kuwaacha hawa.

Jambo hili linaonekana hata kwa New mwenyewe. Vitabu vinamsifu kwa kuifikia theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871. Msafara wake uliongozwa na Sadi bin Ahedi, Mswahili ambaye pia ndiye aliyempa Wakefield maelezo ya njia za misafara yaliyochapishwa London mwaka 1870. Na aliyepanda naye hadi kwenye theluji, wengine walipokwisha kukata tamaa, ni Tofiki. Sijaliona jina la Tofiki kwenye jiwe lolote.

Wapo wanaosema kwamba mila yetu haijui alama za kuwakumbuka marehemu. Hilo si kweli. Wamijikenda huwasimamishia marehemu koma, yaani vijiti vifupi vya ukumbusho, na kwa watu wa chama cha wazee cha Gohu, hasa Wagiriama, huchongwa vigango, mbao ndefu zenye umbo la mtu. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na viwili kati yake vilirudishwa mwaka 2007 kutoka majumba mawili ya makumbusho ya Marekani. Waliokosa alama ni watoro, kwa sababu walikuja bila ukoo wa kuwachongea.

Nimependekeza kanisa lifungue daftari la makaburi ya mashambani: jina la marehemu, alikotoka kama panajulikana, shamba alimozikwa, na jina la mzee aliyeeleza. Wazee wengi wameafiki. Baadhi ya wenye mashamba wanasita, na ninawaelewa, kwa kuwa kaburi likiandikwa linaweza kutumiwa na jamaa wa mbali kudai kipande cha ardhi, na katika kaunti hii kesi za ardhi hazina mwisho. Tumekubaliana kwamba daftari lisiandike mipaka wala namba za hati. Tutaanza na upande wa bondeni mvua zikipungua, na mwenye bibi au babu aliyezikwa Ribe, hata kama yeye mwenyewe yuko Mombasa au Doha, amtume ndugu aje na majina.