Kiyoyozi hakiondoi radoni

Wateja wangu wengi hawaniamini nikiwaambia kwamba kiyoyozi cha split hakiingizi hewa mpya ndani. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Ukifunga madirisha ya alumini na kuziba upenyo wa mlango ili baridi isitoke, unavuta hewa uliyoipumua tangu jana.

Jambo hili lilizuka tena Mbezi Beach kwa mama mmoja aliyeishi Pennsylvania, Marekani, miaka mingi. Amejenga nyumba yenye chumba chini ya ardhi, na mwanawe amekigeuza studio ya muziki: magodoro ukutani, dirisha hakuna. Akaniuliza, "Fundi, na radoni je?" Yaani ile gesi ya mionzi inayotoka ardhini. Kijana wangu alidhani anaongelea gesi ya kujaza kwenye kompresa.

Kule alikotoka wanaijua vizuri. Mwaka 1984 Stanley Watras, aliyefanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia wa Limerick, alikuwa akiwasha kengele za mionzi anapoingia kazini, wakati mtambo wenyewe haujaanza kuzalisha umeme. Mionzi ilikuwa inatokana na radoni iliyojaa nyumbani kwake.

Radoni hutokana na urani iliyomo kwenye udongo na mawe. Haina rangi wala harufu. Hupenya kwenye nyufa za jamvi (zege la sakafu) na pembeni mwa mabomba, na mahali pasipo na upepo hujikusanya. Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na anayevuta sigara hatari yake ni kubwa zaidi. Kiwango wanachopendekeza kisizidiwe ni bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo.

Nyumba ya Uswahilini yenye madirisha ya nyavu na upepo wa bahari hainipi wasiwasi. Chumba kile, ndiyo.

Nilimkatalia mambo mawili. La kwanza, kufunga feni ya kutoa hewa tu. Ikinyonya chumba kisicho na pa kuingizia hewa, inaweza kuvuta gesi zaidi kutoka ardhini. La pili, kumwaga hela kwenye silikoni kabla ya kupima. Kuziba nyufa peke yake mara nyingi hakutoshi.

Dawa yenyewe ni bomba la PVC linalotoboa jamvi hadi kwenye kokoto, na feni inayovuta muda wote na kutema juu ya paa. Kazi ya fundi bomba na fundi umeme, haina uchawi.

Lakini kwanza kipimo. Kipo kijikopo chenye kipande cha plastiki ambacho chembe za alfa, yaani mionzi ya radoni, hukichora, kinakaa chumbani miezi mitatu au zaidi, kisha maabara inahesabu alama. Nimemwelekeza Tume ya Nguvu za Atomiki, wanaosimamia mionzi nchini. Kijana wa studio analalamika kwamba miezi mitatu ni mingi. Nimemwambia arekodi sebuleni, mama yake akubali kelele.